Rimoti ya Baba Noela

Fundi Valerian alitoboa ukuta kwa drili mpaka vumbi jekundu la tofali likamwagikia shuka la mgonjwa.

"Samahani, mzee," alisema.

"Mimi si mzee," Donatus akamjibu. "Nimelala tu."

Valerian alicheka kidogo, akidhani ni utani. Salome alisogea kitandani akalikung'uta lile vumbi kwa pindo la kanga. Alilikung'uta kifuani kwa mumewe, tumboni, halafu miguuni, ingawa huko miguuni mwenyewe hakuwa na habari. Tangu duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilipomfukia, kuanzia kiunoni kushuka chini Donatus hakuwa na habari na kitu chochote.

Chumba alicholala kilipakana na sebule, na sebule ndiyo ilikuwa banda la mpira. Enzi za bahati yake Donatus alinunua runinga kubwa na king'amuzi, akaweka na makochi ya kukalia wageni, na mtaa mzima pale Buseresere ukajua kwamba kwa Baba Noela kuna picha. Aliporudishwa nyumbani akiwa amebebwa kwenye blanketi, Salome aliyauza makochi, akaingiza mabenchi ya mbao, akaziba dirisha kwa turubai, akaanza kutoza kiingilio siku za mpira. Hakumwomba mtu ushauri. Nyumba ilitaka kula, na mpira haukosi watu.

King'amuzi kilikuwa kimoja. Kilikaa bandani chini ya runinga kubwa, na waya wake mmoja ulipenya ukutani kwenda kwenye runinga ndogo iliyowekwa miguuni pa kitanda cha Donatus. Kilichoonekana mbele ndicho kilichoonekana ndani. Donatus akitaka kubadilisha chaneli, rimoti yake haikufika, ukuta ulikuwa katikati. Zamani alimtuma binti yao. Noela, weka taarifa. Noela, rudisha kule. Lakini Noela alikuwa amepelekwa kwa bibi yake kule Isaka, kwa sababu nyumba inayojaa wanaume kila jioni haikumfaa msichana wa darasa la saba. Tangu hapo aliyetumwa ni Salome. Aliitwa akiwa anasonga ugali, akiwa anafua, akiwa amekaa uani na mwanamke mwenzake. Aliinuka, akaenda kubonyeza, akarudi, akaitwa tena. Ndiyo maana alimwita fundi.

"Angalia hapa, mama," Valerian alisema. Alishika kidude cheusi, kidogo kuliko kiberiti. "Hili ndilo jicho. Nalibandika huku ndani, juu ya runinga ya Baba Noela. Akibonyeza, jicho linaona. Linapeleka habari kwa huu waya mpaka bandani, na kule kuna kijicho kingine hiki hapa, nakigandisha usoni mwa king'amuzi. Hiki kazi yake ni kutema mwanga tu. King'amuzi kinadhani rimoti iko mbele yake."

"Kinadanganywa," Donatus akasema.

"Tuseme hivyo."

"Na mimi nikiwa bandani na rimoti yangu?" Salome aliuliza.

"Zote mbili zitafanya kazi. Wa mwisho kubonyeza ndiye mshindi."

Valerian aligandisha vitu vyake, akaufunga waya ukutani kwa vijipini, kisha akafungua kamera ya simu yake na kumsogezea Donatus. Alimwambia aielekeze rimoti kwenye simu na kubonyeza. Kwenye kioo cha simu, kwenye pua ya rimoti, kikaonekana kitaa cha zambarau kikipepesa.

"Mwanga wake macho yetu hayauoni," Valerian alisema. "Lakini upo."

Donatus alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena. Alikuwa na ndevu za siku nyingi na mashavu yaliyoingia ndani, na kile kitaa kilimpendeza kama kinavyompendeza mtoto. Salome aliliona hilo akageuka kuokota vipande vya tofali.

Alasiri ile Donatus alibadilisha chaneli mpaka giza likaingia. Salome akiwa jikoni uani alisikia kwaya, taarifa, mieleka, watoto wakifundishwa hesabu, kwaya tena. Hakuitwa hata mara moja. Alipomaliza kupika alikaa kwenye kigoda akaitazama mikono yake, asijue aifanyie nini.

*

Walipeana sharti moja tu. Siku ya mpira Donatus haigusi rimoti.

"Sigusi," alisema. "Mimi mwenyewe nataka kuona mpira."

Akalishika sharti lile vizuri, mpaka ikaja Jumamosi moja banda limejaa hata mlangoni. Wanaume walikuwa wametoka machimboni, wengine na udongo kwenye nywele, na kila mtu alikuwa kocha. Kelele zilikuwa nyingi mno. Ghafla uwanja ukatoweka kwenye runinga, akatokea mwanamume aliyevaa kofia nyeupe akikaanga vitunguu.

"Mama, nini tena," mtu alisema.

Salome alibonyeza rimoti yake, mpira ukarudi. Vitunguu vikarudi. Akabonyeza, vikarudi. Hapo akaelewa. Akaweka rimoti chini, akafungua mlango wa chumbani na kuufunga nyuma yake.

"Nimeita mpaka koo limekauka," Donatus alisema.

"Sikusikia."

"Najua hukusikia. Ndiyo maana."

Alikuwa amejichafua. Mwenyewe alijua kwa pua tu, maana mwili wake haukumwambia kitu. Salome alimgeuza ubavu, akamfuta, akamwosha, akavuta shuka chafu kutoka chini yake na kusukuma safi, yote kwa mikono iliyokwisha kuzoea. Hakukunja uso. Alikuwa ameacha kukunja uso zamani. Harufu ile kwake ilikuwa kama moshi wa kuni, ipo, basi.

Tatizo lilikuwa mlango. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja, nao ulifungukia bandani. Maji na choo vilikuwa uani. Kwa hiyo Salome alitoka na beseni limefunikwa kitambaa, akapita katikati ya mabenchi, na wanaume wakakusanya magoti kumpisha bila kuyatoa macho kwenye mpira. Wawili watatu walishika pua. Hakuna aliyesema neno, siku ile ya kwanza.

Baadaye walijaribu njia nyingine. Salome alimpa sufuria na kijiko, apige akihitaji kitu.

"Mimi si mwehu wa sokoni nipige masufuria," Donatus alisema.

"Basi nikununulie kasimu kadogo."

"Watanipigia kunipa pole. Pole nimezipokea za kutosha."

Simu yake mwenyewe ilibaki chini kule, kwenye duara, pamoja na sururu na kandambili. Hakutaka nyingine. Rimoti ndiyo ikawa kengele. Uwanja ukitoweka na kuja chaneli ya mapishi, au mhubiri, au mwanamke anayesoma hali ya hewa, Salome alirudisha mpira, akainuka, akaingia ndani. Alifanya haraka. Aliamini akifanya haraka watu hawatajua.

Lakini watu waliolipa kiingilio si wajinga. Kwanza walinung'unika, kisha wakaulizana, kisha wakajua. Aliyekuwa wa kwanza kulitia utani ni Gregory. Huyu alichimba na Donatus miaka mingi, na siku ya ajali ndiye aliyekuwa juu ameshika kamba. Alikaa benchi la mbele kila mpira, mwili mkubwa, sauti kubwa, mtu wa kucheka na kila mtu.

"Shemeji, bosi kabonyeza," alisema jioni moja chaneli ilipobadilika.

Watu wakacheka kidogo. Salome naye akatabasamu, kwa sababu mwenye biashara hutabasamu.

"Refa wa chumbani huyo," akasema mwingine. "Kapuliza."

"Kapuliza filimbi, au kapuliza kwingine?"

Hapo banda zima likaangua kicheko. Kikaenda, kikarudi, kikapanda tena Salome alipotokea na beseni lake. Alipita kati ya magoti. Alijiangalia miguu asije akajikwaa. Alifika uani, akamwaga, akasuuza, akasimama kidogo ukutani, na alichokuwa anafikiri ni kwamba sabuni ya unga imebaki kidogo.

*

Asubuhi yake alikuwa anamnyoa ndevu. Alimshika kidevu kwa vidole viwili, akapitisha wembe taratibu.

"Jana walicheka nini?" Donatus aliuliza.

"Goli."

"Goli gani? Mpira ulikuwa umesimama. Mimi naona kile kile wanachokiona wao."

Salome aliutia wembe kwenye kikombe cha maji, akaukung'uta.

"Nikibonyeza, wanajua ni kwa ajili gani?"

"Wanajua unahitaji kitu."

"Kitu gani?"

"Usitikise kidevu, nitakukata."

Alinyoa shavu lote. Nje bajaji ilipita ikipiga muziki wa kanisa.

"Ile sauti ya kwanza ilikuwa ya Gregory," Donatus alisema.

"Gregory anacheka na kila mtu."

"Alikuwa anashika kamba yangu."

"Basi, Baba Noela, mpira ukiendelea usibonyeze. Ngoja mapumziko, nitakuja mwenyewe bila kuitwa."

"Mwili wangu haujui mapumziko."

Salome alimfuta povu lililobaki chini ya sikio.

"Lakini nitajitahidi," Donatus akaongeza, kama anayeahidi jambo lililo kwenye uwezo wake.

Akajitahidi. Mpira ulifuata mpira, uwanja haukutoweka hata mara moja, na Salome alipoingia baada ya mchezo alikuta shuka limeloa mpaka mgongoni. Alimfanyia usafi wote wakati huo, watu wakiwa wameondoka. Mwisho wa mwezi juu ya nyonga ya kushoto ngozi ilikuwa imebadilika rangi, kisha ikafunguka. Muuguzi wa zahanati alikuja na dawa ya kupaka, dada mdogo mdogo wa mwili anayeongea kama anasoma ubaoni.

"Asilale kwenye maji," alisema. "Mama, umenisikia? Kidonda hiki kikiingia ndani kitafika mfupa. Akilowa, abadilishwe pale pale."

"Nimesikia."

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Nina banda la mpira."

"Uwe unaangalia mgonjwa, siyo mpira," muuguzi alisema, akafunga begi lake.

Salome alimsindikiza mpaka barabarani. Ng'ambo, karibu na stendi, mtu mmoja, Nasibu, alikuwa anamalizia banda lake jipya la mpira. Ilisemekana lina picha inayomulikwa ukutani, kubwa kama lori, na viti vya plastiki vyenye mgongo. Vijana walikuwa wanaingiza viti hivyo ndani, vyekundu na vyeupe. Aliwatazama, akamshukuru muuguzi, akarudi ndani.

"Kuanzia leo bonyeza," alimwambia Donatus. "Ukisikia harufu tu, bonyeza."

"Na watu?"

"Waache wacheke."

*

Siku ya Simba na Yanga banda lilijaa kuliko siku zote. Waliokosa benchi walisimama, na wengine walichungulia kwa mlango wa uani. Donatus alibonyeza mara moja tu kipindi cha kwanza, Salome akamhudumia upesi, watu wakaguna, yakaisha. Kipindi cha pili kilikuwa kinakaribia mwisho bila bao, mpaka refa akaonyesha kidole kwenye alama ya penalti.

Watu wote walisimama. Kukawa kimya, kimya ambacho Salome hakuwahi kukisikia ndani ya nyumba ile. Mpigaji alirudi nyuma, akavuta pumzi, akaanza kukimbia.

Ikatokea kwaya. Wanawake wenye majoho ya buluu walikuwa wanayumba kushoto na kulia mbele ya maua ya plastiki.

Salome alibonyeza. Uwanja ulirudi, na kipa alikuwa anainuka kutoka chini, na haikujulikana mpira uko wapi. Kabla ya mtu kujua, kwaya ikarudi. Akabonyeza. Kwaya ikarudi. Benchi moja lilivunjika. Mtu akamshika Salome bega, si kwa nguvu, lakini akamshika.

"Mama, hela yangu."

"Sisi tumelipa kuangalia mpira, hatujalipa kuangalia kwaya."

"Huyo mgonjwa anatuchezea."

Salome aliingia chumbani. Kitandani hakukuwa na mtu. Donatus alikuwa ametelezea upande wa ukutani, kichwa kikatangulia kwenye upenyo kati ya kitanda na ukuta, shingo imekunjwa, uso umeminywa kwenye godoro. Mkono mmoja tu ndio ulikuwa juu, na ule mkono ulikuwa umeshika rimoti, umeielekeza kwenye jicho, na kidole kilikuwa kinabonyeza, kinabonyeza.

Alimvuta. Hakutoka. Alivuta tena kwa kwapa, akafungua mlango akaita, "Gregory."

Gregory aliingia akiwa bado na hasira usoni. Tangu ajali hakuwahi kukanyaga kile chumba. Alisimama pale pale mlangoni, pua yake ikafanya kitu, kisha akaona mkono. Alipanda kitandani na viatu vyake, akapitisha mikono chini ya makwapa ya Donatus na kumvuta juu kwa mvuto mmoja, kama mtu anayeijua kazi hiyo. Donatus alikohoa kwa muda mrefu. Mate yalimtoka. Shati la Gregory lililowa tumboni, na hayakuwa maji, naye hakujitazama.

"Pole, kaka," alisema.

Donatus alivuta pumzi mpaka akapata ya kusemea.

"Walifunga?"

"Nani?"

"Penalti."

"Sijui," Gregory alisema. "Ulibadilisha."

Kule mbele watu waliita. Salome alitoka, akachukua kopo la kiingilio, akasimama mlangoni akirudisha, mkono kwa mkono, bila kumwangalia mtu usoni. Hata walioingia bure walinyoosha mkono, akawapa. Walitoka moja kwa moja kuelekea ng'ambo ya barabara, na kutoka kwa Nasibu zilisikika kelele za waliokuwa wanajua matokeo.

Gregory alibaki. Aliomba nyundo, akakaa chini akaanza kulipigilia benchi lililovunjika.

"Shemeji," alisema bila kuinua kichwa. "Lile jicho litoe."

"Leo lingekuwa halipo angekufa."

"Najua. Si nimemwona?" Alipiga msumari, ukapinda, akaung'oa. "Lakini mimi nimekaa nao, nimewasikia. Wanasema kwa Mama Noela unalipa mpira, unaangalia mgonjwa. Hawarudi hao. Na wasiporudi, huyo bwana utamlisha nini? Dawa ya kidonda utainunua na nini? Mimi nina watoto sita, nikikudanganya kwamba nitasaidia nitakuwa naongopa."

"Ongea taratibu."

Gregory aliutazama ukuta. Ulikuwa ukuta wa tofali moja, na tundu la fundi Valerian lilikuwa pale, na waya ukipita. Akashusha nyundo. Chumbani runinga ndogo ilikuwa kimya, imezimwa.

*

Mpira uliofuata alikuja Gregory peke yake na wazee wawili wasiopenda viti vya plastiki. Uliofuata, hata wazee hawakuja. Salome alikaa kwenye benchi katikati ya mabenchi matupu, taa za uwanja zikimmulika usoni, na upande wa pili wa ukuta mumewe alikuwa anatazama mpira ule ule. Siku hiyo Donatus alibonyeza mara mbili. Alimhudumia pale pale, kama muuguzi alivyosema. Kidonda kilianza kukauka pembeni. Unga uliisha, wakala viazi vitamu.

Ijumaa alimkuta Gregory kwenye kijiwe cha bodaboda.

"Waambie nimelitoa," alimwambia.

"Umelitoa kweli?"

"Waambie."

Hakuwa amelitoa. Alilitoa kesho yake jioni, watu walipoanza kukohoa nje. Aliinama mbele ya king'amuzi, akakwangua kile kijicho cha kutema mwanga kwa ukucha mpaka kikabanduka, kikaacha alama ya gundi ya mviringo. Akakigandisha nyuma ya mguu wa meza. Chumbani hakugusa kitu. Jicho lilikuwa bado juu ya runinga ndogo, na waya ulikuwa bado ukutani.

Kabla ya hapo alikuwa amemweka Donatus vizuri. Alijaza blanketi kwenye upenyo wa ukutani, akaweka mto huku na mto huku, akamvutia shuka kifuani.

"Leo nani na nani?" Donatus aliuliza.

"Wazungu. Nitakuja mapumziko."

"Wamekuja watu?"

"Wanakuja."

"Vizuri," Donatus alisema. Alitafuta rimoti kwa mkono, akaipata ubavuni.

Walikuja. Hawakuwa wote, lakini mabenchi matatu yalijaa. Kijana mmoja kabla ya kutoa kiingilio alimtazama Gregory, na Gregory akaonyesha king'amuzi kwa kidevu. Kijana akaona ile alama ya gundi, akatoa hela, akakaa.

Salome alikaa karibu na mlango wa chumbani. Mpira ulianza. Alitazama runinga bila kuangalia mchezo, alitazama tu kama picha itabadilika. Haikubadilika. Zamani picha isipobadilika ilimaanisha Donatus hana shida. Sasa haikumaanisha kitu. Aliliwaza hilo mara moja, halafu likawa linapita tu kichwani kama gari zinavyopita barabarani.

Mapumziko yalifika. Watu walitaka soda, walitaka karanga, mmoja alitaka kuingia kwa kipindi cha pili tu na kulipa nusu. Alimsikiliza huyo, akamkubalia. Alipomaliza kugawa soda muda ulikuwa bado upo. Mlango ulikuwa pale, hatua chache, na hakuna aliyemzuia. Aliushika hata kitasa. Akafikiri beseni, na magoti yakikusanywa, na wale waliorudi leo wakishika pua tena. Aliachia kitasa, akaenda kukusanya chupa tupu.

Kipindi cha pili kilikuwa kirefu. Magoli yaliingia, watu wakashangilia, wakatukana, wakakumbatiana. Ilipoisha walitoka taratibu wakijinyoosha.

"Asante, mama. Leo mpira umenyooka."

"Karibuni."

"Jumatano upo?"

"Nipo."

Gregory alitoka wa mwisho. Aliangalia mlango wa chumbani, akamwangalia Salome, akafungua kinywa kama mwenye mzaha, akaukosa. "Wabeja, shemeji," alisema kwa Kisukuma, asante, akaenda.

Salome alikibandua kijicho kwenye mguu wa meza. Alikilamba gundi yake kidogo kwa ulimi ishike, akakirudisha pale pale usoni mwa king'amuzi, juu ya alama. Alikibonyeza kwa kidole gumba mpaka akahakikisha kimekaa. Halafu akajaza maji kwenye beseni, akaingia ndani.

Harufu ilimpokea mlangoni. Donatus alikuwa macho. Mikono yake ilikuwa juu ya kifua, na rimoti ilikuwa chini ya mikono. Kwenye runinga ndogo wachambuzi waliovaa suti walikuwa wanaeleza magoli. Shuka lilikuwa limeloa mpaka kwenye mbavu, na pembeni lilikuwa limeanza kukauka, kwa hiyo ilikuwa imechukua muda.

"Betri zimekwisha," Donatus alisema.

Salome alisimama na beseni.

"Lini?"

"Kipindi cha kwanza. Mapema tu."

"Nitanunua."

"Eeh."

Aliweka beseni juu ya kigoda, akavua shuka, akaingiza mkono chini ya mgongo wake kumgeuza. Donatus alishika ukingo wa kitanda kusaidia. Rimoti ilimtoka kifuani, ikaangukia godoroni, na kiwiko chake kikailalia.

Wale wenye suti wakatoweka. Akaja mwanamke anafundisha kushona.

Wote wawili waliitazama runinga. Mwanamke alikuwa anaonyesha namna ya kukunja upindo, akarudia tena kwa ajili ya wale ambao hawakuona. Salome alikuwa bado na mkono chini ya mgongo wa mumewe, na mgongo ulikuwa wa baridi.

Donatus aliondoa kiwiko, akaichukua rimoti, akaigeuza. Alisukuma kifuniko cha nyuma kwa ukucha, mara ya kwanza kikagoma, mara ya pili kikatoka. Akatoa betri moja. Akatoa ya pili. Akamnyooshea mkewe zote mbili kwenye kiganja.

"Mpira mwingine lini?" aliuliza.

"Jumatano."

"Basi utanunua Alhamisi."

Salome alizipokea. Mikono yake ilikuwa na maji, akazifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo. Kisha akamgeukia tena, akamshika bega na nyonga, akaanza kumgeuza upande wa kidonda usiwe chini.